Kuwekewa chuma kwenye fuvu baada ya ajali: jibu la mtu aliye nacho kichwani

Mleta mada, pole sana wewe na familia. Umesema mdogo wako alipata ajali ya bodaboda, akatolewa kipande cha fuvu, na sasa madaktari wanataka kumwekea bamba la titani. Mjomba anasema litashika kutu, mama anaogopa radi, na wengine wanashauri aachwe hivyo hivyo maana anakula na kutembea mwenyewe. Mimi bamba hilo ninalo, upande wa kulia juu ya sikio, na ajali yangu ilikuwa ya barabarani kama yake. Nakujibu kwa niliyoyapitia na niliyoelezwa na walionitibu.

Naanza na hili la kumwacha hivyo hivyo, maana ndilo lililonitia wasiwasi nikaamua kuandika. Ubongo ukiumia huvimba, na ndani ya fuvu hakuna pa kuvimbia. Ukikosa nafasi unajibana, damu haiufikii, mtu anakufa. Kutolewa ule mfupa ndiko kulikomwokoa mdogo wako. Lakini uvimbe ukiisha, ngozi inabaki haina kitu cha kuishikilia. Nikilala yangu ilikuwa inajaa, unaiona kabisa ikipwita na mapigo ya moyo. Nikikaa kwa muda inazama, mpaka kiganja kinaenea kwenye lile bonde. Na tatizo si sura tu. Ikifika jioni nilikuwa siwezi kufuatilia maongezi ya watu wawili, kichwa kinagonga, kizunguzungu, mkono wa kushoto mzito. Nikijilaza napata nafuu. Daktari alinieleza kwamba pasipo mfupa, mgandamizo wa hewa ya nje unaisukuma ngozi, ngozi inaukandamiza ubongo, na mzunguko wa damu na wa yale maji yanayouzunguka ubongo unavurugika. Si kila mtu yanampata haya. Kwa hiyo muulizeni mdogo wako anajisikiaje akiwa amekaa muda mrefu, msimuulize akiwa kitandani. Mimi baada ya bamba ule uzito wa mkono ulipungua mapema kuliko nilivyotegemea, na maumivu ya jioni yakaisha polepole.

Kabla ya siku hiyo, tafadhali, mlindeni kichwa. Pale hapana mfupa, ni ngozi na utando tu. Asilalie upande huo, asipande boda hata kama dereva ni rafiki yake, na akitembea avae kofia ngumu.

Umeuliza kwa nini wasimrudishie mfupa wake. Ukiwa mzima na safi, mara nyingi huo ndio chaguo la kwanza. Hospitali zenye friza za nyuzi 80 chini ya sifuri huutunza humo, kwingine huushonea chini ya ngozi ya tumbo la mgonjwa mwenyewe hadi siku ya kuurudisha. Wangu ulitoka vipande vipande umechanganyika na mchanga wa barabarani, hapakuwa na cha kurudisha. Na hata ukirudishwa, mwili wakati mwingine huula taratibu, hasa kwa watoto na vijana, mtu akajikuta tena kwenye nusu kaputi. Kuna pia saruji ya akriliki, ambayo daktari anaikanda palepale kwenye chumba cha upasuaji na kuipa umbo kabla haijagumu. Bei yake ni nafuu na imesaidia wengi, ila hutoa joto inapokauka na haishikamani na mfupa. Na kuna plastiki ngumu iitwayo PEEK, inayochongwa kwa vipimo vya CT (picha za kichwa za kompyuta) ya mgonjwa. Nzuri, lakini ghali.

Langu nilionyeshwa sampuli yake kabla ya upasuaji. Ni wavu mwembamba, chini ya milimita moja, wenye matundu mengi, na ukiushika unashangaa wepesi wake, maana titani kwa ukubwa uleule ina uzito wa nusu na kidogo tu ya chuma cha kawaida. Hukunjwa kufuata umbo la kichwa, kisha hufungwa kwenye ukingo wa mfupa kwa skrubu za milimita chache ambazo hazifiki kwenye ubongo. Leo nikipapasa nyuma ya sikio nakuta vichwa vya skrubu mbili chini ya ngozi, na kinyozi wangu anajua kupitisha mashine taratibu hapo.

Mwambie mjomba titani haishiki kutu. Ikikutana na hewa hujifunika utando wake yenyewe, utando huo ndio unaoikinga, na ndiyo hiyohiyo wanayopandikizia meno kwenye taya. Mama naye atulie: radi hupiga kilicho kirefu na kilicho wazi, haikitafuti kibamba kilichofunikwa na ngozi. MRI, kipimo cha picha kinachotumia sumaku kubwa, anaweza kupimwa, kwa kuwa sumaku haiivuti titani, ila lazima awaambie wahusika kabla, na picha ya eneo lile itakuwa na kivuli. Uwanja wa ndege mara nyingi mashine hata haipigi kelele, lakini atunze barua ya hospitali. Hofu yenye ukweli ni ya joto na baridi. Jua la saa saba likinipiga upande ule nalihisi kabla ya upande mwingine, kwa hiyo kofia sikosi. Kwenye Vita vya Pili vya Dunia madaktari walitumia tantali, metali nzito zaidi, na wagonjwa wao walilalamika sana kuhusu joto na maumivu ya kichwa. Huenda baadhi ya hofu za leo zimeanzia huko.

Na kwa babu anayesema kufungua kichwa ni mambo ya kigeni: Wakisii wa Kenya walikuwa na mafundi wao, ababari, waliofungua ngozi ya kichwa na kukwangua mfupa kwa mtu aliyeteswa na maumivu baada ya kupigwa.

Mkitaka cha kuogopa, ogopeni kidonda. Maambukizi, na ngozi kuwa nyembamba mpaka ukingo wa bamba ukachungulia nje, ndivyo vinavyowarudisha watu hospitali. Nilikutana kliniki na kijana aliyeona kitone cha majimaji kwenye mshono, akawa anakipaka unga wa vidonge akijua ni kipele. Alipokuja kuonwa usaha ulikuwa umeshafika kwenye bamba, na hapo dawa peke yake hazikutosha, likatolewa, akaanza upya kusubiri. Uvimbe mpya, wekundu, majimaji, homa, kichwa kinachouma tofauti na kawaida: siku hiyohiyo arudi walikomfanyia upasuaji. Kama anavuta sigara, aache sasa hivi. Kama ana kisukari, kidhibitiwe kwanza. Na kama anatumia dawa za kuzuia kifafa, asiziache kwa sababu anajiona mzima. Degedege linaweza kuja hata baada ya bamba.

Swali lako la mwisho, kama litatolewa baadaye na kama atarudi kuendesha boda. Likikaa vizuri halitolewi, ni la maisha. Lakini lenyewe linafunika tundu na kulinda kilicho ndani, haliponyi ubongo ulioumia, kwa hiyo kumbukumbu na hasira za ghafla zinataka mazoezi na uvumilivu wenu. Kuhusu boda, uamuzi hautegemei bamba. Unategemea degedege, macho, na wepesi wake wa kuitikia jambo, na hayo daktari wake anayapima kliniki. Mpelekeni na orodha ya dawa anazotumia na CT ya kwanza, ile ya siku ya ajali.