Sakafu ya jiko inabonyea, tumwage zege?

SWALI: Asalam alaykum fundi, tunakaa nyumba ya marehemu bibi hapa Mji Mkongwe Unguja, jiko lipo ghorofa ya kwanza, karibu na sinki sakafu haikauki na sasa ukikanyaga inabonyea, chumba cha chini boriti mbili zimekuwa nyeusi na zinadondosha unga. Kuna fundi katwambia tumwage zege juu tupige na marumaru yaishe. Tumsikilize?

JIBU: Waalaykum salaam dada. Zege hilo nakuombeni sana msilimwage! Zege la unene wa sentimita 10 ni kama kilo 240 kwa kila mita ya mraba, unaibebesha boriti iliyooza. Halafu nyumba hizo ni mawe ya matumbawe na chokaa, chokaa inauacha unyevu utoke, simenti inaufungia ndani na boriti inaendelea kuoza nyie mnaona marumaru yanang'aa tu.

Leo hii watoeni watu wote chumba cha chini, fungeni maji ya jikoni, na mumwite fundi anayezijua nyumba za zamani akaze mirunda chini ya boriti kabla hamjagusa chochote juu. Kisha tafuteni maji yanatoka wapi, mara nyingi ni bomba la maji machafu la sinki, na msipoliziba hilo kazi yote ni bure. Boriti zote zichomwe na bisibisi, hasa kichwa kinachoingia ukutani maana kuoza huanzia huko, ikizama kirahisi hiyo itoke.

Sakafu ifumuliwe kipande kipande, mawe myaweke yatatumika tena. Boriti mpya iwe ya mkoko uliokauka au mbao ngumu iliyotiwa dawa ya mchwa, na kichwa chake kiachiwe nafasi ya hewa ukutani kisizibwe na simenti. Juu mnarudisha mawe na chokaa iliyolowekwa wiki kadhaa, fungu moja kwa matatu ya mchanga, na mchanga usiwe wa pwani kwa sababu chumvi inavuta unyevu. Inapigwa ishikane, inafunikwa magunia mabichi, haitaki haraka na mafundi wengi wanaharibia hapa.

Mji Mkongwe ni urithi wa dunia tangu 2000 kwa hiyo kibali muombe kwanza Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe, mirunda lakini isisubiri kibali. Na bomba jipya la sinki lipite nje ya ukuta, likivuja mlione siku hiyo hiyo.