Maziwa mabichi ya jirani: yachemshwe au yasichemshwe?

Dada yangu, umeuliza kama maziwa ya ng'ombe wa jirani yako wa Kimara, kwa kuwa hukamuliwa alfajiri mbele ya macho yako, yanaweza kunywewa bila kuchemshwa. Hapana. Ng'ombe anayeonekana mzima kabisa aweza kutoa maziwa yenye vimelea vya bruselosi (ugonjwa wa homa unaotoka kwa mifugo) au vya kifua kikuu, na usafi wa ndoo hauviondoi. Tena yakimiminwa katika chupa ya soda iliyokwisha kutumika, ambayo ndani haifikiki kwa sifongo, kisha yakakaa katika joto la Dar es Salaam hadi saa nne, bakteria huongezeka kwa kasi. Viwandani, ili kuua vimelea hivyo, maziwa hupashwa hadi nyuzi joto 72 kwa sekunde 15, au 63 kwa dakika 30, na kupozwa mara moja. Protini na kalsiamu hubaki karibu zilezile. Nyumbani yachemshe hadi yaumuke, huku ukiyakoroga. Kuhusu biashara yenyewe, msimamizi wake ni Bodi ya Maziwa Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, basi muulize jirani, kwa upole, kama amesajiliwa. Malai yatakayoganda juu usiyatupe. Mimi huyapaka kwenye mkate.