Fundi wa Mashua Anajibu: Acha Njia ya Mkono

Shikamoo fundi. Mimi na mume wangu tumepata boti ya faiba ya mita 9. Ndani imeng'olewa kila kitu, limebaki gamba tupu. Tunataka vitanda viwili, jiko dogo na choo, na tutajenga wenyewe jioni na siku za mapumziko. Nimeanza kupima kwa futi na pimamaji, lakini kila kipande ninachokata hakikai mahali pake, na pimamaji leo inasema hivi, kesho vile. Tuanzie wapi? Tena mume wangu anasema plaiwudi ya kawaida ikipakwa rangi vizuri inatosha. Ni kweli? — Mwenye Gamba Tupu

Marahaba, mwanangu. Kabla ya msumeno, chukueni maboksi ya karatasi ngumu na mjenge vitanda na jiko vya maboksi humo ndani. Laleni juu yake. Simameni mnapotaka kupikia, mjifanye mnageuza chungu huku boti imelala upande. Kitanda cha mtu mzima kinataka sentimita 195 hadi 200 kwa urefu na si chini ya 60 mabegani. Miguuni kinaweza kubanwa hadi 45. Kiti kikae sentimita 40 hadi 45 kutoka sakafuni, na juu ya mto ibaki nafasi ya kama 90 hadi darini, la sivyo mgeni atakula ameinamisha shingo. Meza ya jiko iwe karibu 90. Maboksi yatawaonyesha mengi ambayo mchoro unayaficha, na kuyararua hakuna hasara.

Wakati mko humo, tafuteni kila vali inayopitisha maji ubavuni, kila bomba, kila boliti ya sitaha na kila mahali ngama (maji ya chini kabisa ndani ya boti) inapokusanyika. Zichoreeni duara jekundu kwa rangi. Hilo ndilo ninalowaomba wote mnaoniandikia: chochote mtakachojenga, mkono wa mtu ufike kwenye kila duara. Nimeingia kwenye boti zenye makabati ya kupendeza, milango imepigwa vanishi inang'aa, na nyuma ya kabati kuna vali ambayo haifikiki bila patasi na nyundo. Bomba likipasuka usiku, mwenye boti ana dakika chache tu za kuifunga ile vali. Hapo kabati zuri linakuwa adui yake.

Sasa pimamaji. Boti inayoelea hubadilika kila mtu anapohama, kwa hiyo majini pimamaji haina kazi. Kama boti iko nchi kavu, isawazisheni kwanza kwa alama ya maji iliyoko nje, yaani mstari wa mahali maji yanapofika: chukueni mpira mwembamba unaoonyesha maji ndani yake, mlinganishe alama ya kushoto na ya kulia, kisha ya omo (mbele) na ya tezi (nyuma), mkipandisha na kushusha vishikizo vinavyoibeba boti hadi zote zilingane. Baada ya hapo pimamaji itasema kweli. Kama inaelea, vuteni uzi katikati kutoka omo hadi tezi, uzi ukaze vizuri, na vipimo vyote vitoke kwenye uzi huo kwenda ubavuni. Msipime kutoka ubavuni kwenda kati, kwa kuwa ubavu umepinda na hauna mahali palipo sawa pa kuanzia.

Vipande vyako havikai kwa sababu unavipima kwa futi. Ndani ya mashua futi hutumika kidogo sana. Kinachotumika ni kijiti. Mimi ninacho cha mti mgumu, kirefu kama mkono wangu kutoka kiwiko hadi kidole, ncha moja kali kama penseli, na ukingo mmoja umekatwa vipengele, yaani meno madogo, visivyofanana. Simamisha kipande cha plaiwudi chakavu mahali ukuta utakapokaa, kisiguse ubavu, ukibane kisitikisike. Laza kijiti juu yake, ncha iguse ubavu, kisha chora kukizunguka kijiti na uandike namba 1. Sogeza ncha chini kidogo, chora tena, namba 2. Penye mpindo mkali pasogeze vidole viwili viwili. Penye unyoofu hata shubiri moja inatosha. Ukimaliza, toa kile kipande chakavu, kilaze juu ya ubao mpya, rudisha kijiti ndani ya kila mchoro wake, na kila ncha inapoangukia weka nukta. Unganisha nukta kwa kijiti chembamba kinachopinda, na huo ndio umbo wa ubavu wako. Vile vipengele vya ukingoni ndivyo vinavyokuhakikishia kuwa kijiti kimerudi palepale, hakikuteleza mbele wala nyuma. Ninawapenda sana wanafunzi wakati huu, ubao unapoingia mara ya kwanza na kukaa kimya.

Bado kuna hanamu. Ubavu hauendi mraba na ukuta, kwa hiyo ukingo wa ubao lazima ukatwe kwa mshazari. Pima pembe sehemu tatu au nne, kwa sababu hanamu ya chini karibu na mkuku (uti wa chini wa boti) si ile ya juu karibu na sitaha. Kata ukiacha ziada kidogo, malizia kwa randa. Na kabla ya yote hayo, pima mlango! Ubao mkubwa usiopita mlangoni utalazimika kukatwa vipande viwili, basi ni heri mjue mapema maungio yatakaa wapi.

Kuta zinazokata boti kutoka ubavu hadi ubavu zitangulie, kisha sakafu, kisha vitanda na makabati. Msiubane ubao hadi uguse faiba. Boti ikipigwa na wimbi faiba hupinda kidogo. Penye ubao mgumu uliogusa haipindi, na baada ya muda hupasuka kwa mstari uleule. Acheni nafasi ya kama sentimita 1, wekeni utepe wa povu, mzibe pembe kwa epoksi (gundi ya kuchanganywa) iliyokolezwa unga wake maalumu iwe nzito, muiumbe mviringo kwa mgongo wa kijiko, kisha mlaze vitambaa vya faiba pande zote mbili, kila tabaka pana kuliko la chini yake. Faiba ya zamani isuguliwe kwanza kwa msasa mkali, namba 60 hivi, hadi ipoteze mng'ao na ule utelezi, la sivyo gundi itashika vumbi na nta tu. Vaeni barakoa ya kweli, si kitambaa, na glavu kila mnapogusa epoksi. Mwili unaweza kuizoea kwa miaka, kisha siku moja ukaikataa kwa vipele na kuwashwa, na baada ya hapo haukubali tena.

Chini ya kila ukuta acheni tundu la kupitisha maji, ili ngama itiririke hadi kwenye pampu. Tundu liwe kubwa, upana wa vidole viwili, na kuta zake zipakwe epoksi. Maji yanayonaswa nyuma ya ukuta hayaonekani mpaka ubao umeoza.

Mumeo tumjibu kwa heshima, maana hoja yake ina nusu ya ukweli. Gundi ya plaiwudi nyingi za nje, zile za kutumika nje ya nyumba, ni ileile isiyoyeyuka kwa maji. Tofauti iko tumboni. Plaiwudi ya mashua iliyofuata kanuni ya Uingereza ya BS 1088 haina mapengo makubwa katikati ya matabaka. Ya kawaida huwa nayo, na pengo ni chumba cha maji. Chukueni kipande, mkikate mara kadhaa mkitazama kingo, kisha mkichemshe saa moja. Kikiachana, msikiingize kwenye boti. Kwa milango na rafu za juu, plaiwudi ya nje inayostahimili jaribio hilo inaweza kutumika. Kwa kuta na chochote kinachogusa ubavu, nunueni ya mashua. Na hata hiyo si kinga ya kuoza: plaiwudi ya okume ni nyepesi na inapindika vizuri, ila haina kinga yake yenyewe. Kingo ndizo zinazokunywa maji. Zipakeni epoksi, mrudie zinapokuwa bado mbichi, hadi ziache kunyonya. Kila tundu la skrubu litobolewe kubwa kuliko linavyotakiwa, lijazwe epoksi, kisha litobolewe upya. Kazi hiyo inachosha, najua, na wengi huiruka kwa kuwa haionekani. Msiiruke.

Fundi, tumemaliza vyumba vizuri, lakini kila tukifungua kabati tunakutana na harufu ya uvundo, na chini ya magodoro kuna ukungu mweusi. Hakuna mahali panapovuja. — Mlala Majini

Ninakuamini kwamba hapavuji. Maji hayo mnayaleta wenyewe. Pumzi za watu waliolala ni maji, na jiko la gesi ni maji zaidi: kilo 1 ya propani ikiungua hutoa zaidi ya kilo moja na nusu ya mvuke. Mvuke huo hutafuta mahali penye baridi, yaani ubavu nyuma ya makabati na ubao chini ya godoro, hapo unageuka matone.

Toa ubao mzima chini ya godoro, weka fito zenye nafasi kati yake, hewa ipite. Kila kabati liwe na matundu mawili, moja chini na moja juu. La chini peke yake halifai kitu, hewa haisafiri bila njia ya kutokea. Boti yenyewe nayo iwe na mlango wa hewa chini upande mmoja na wa juu upande mwingine, uwe wazi hata mkiondoka. Ubavu ulio juu ya maji ubandikwe povu lisilonyonya maji, likamate kabisa bila mwanya, kwa sababu mvuke ukipenya nyuma yake utakuwa umeuficha tu. Chini kwenye ngama usibandike. Pale nataka uone.

Kaka fundi, nafasi ya jiko ni ndogo. Naweza kuweka mtungi wa gesi kwenye kabati chini ya sinki? Nitaufunga vizuri usianguke. — Mpishi

Hapana, dada yangu. Naomba usifanye hivyo hata kwa siku moja. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ndani ya nyumba ikivuja inaweza kutoka chini ya mlango. Ndani ya mashua haina chini ya mlango. Inateremka hadi ngama na kukaa pale kama maji kwenye beseni, haionekani, ikingoja cheche ya swichi ya pampu.

Mtungi ukae nje, kwenye sanduku lisiloungana na ndani hata kwa tundu la waya, na sakafuni mwa sanduku hilo, chini kabisa, pawe na bomba la kutolea gesi nje juu ya maji. Funga mtungi wenyewe kila ukimaliza kupika, siyo swichi ya jiko tu. Weka king'ora cha gesi chini karibu na sakafu, na king'ora cha kaboni monoksaidi mahali watu wanapolala, kwa kuwa hewa hiyo ni tofauti: haina harufu, na huua watu usingizini. Kama hakuna nafasi ya sanduku la nje, tumia jiko la spiriti au la umeme, na hilo kabati la chini ya sinki uweke vyombo.

Nimebakiwa na waya wa nyumbani wa shaba mzima. Nitumie kwa taa za boti? Ni volti 12 tu. — Kijana wa Umeme

Usitumie. Waya wa uzi mmoja huchoka kwa mtikisiko wa injini na mawimbi, hukatika ndani ya ganda lake bila kuonekana. Tumia wa nyuzi nyingi nyembamba zilizopakwa bati. Na hilo neno "tu" liache, kijana: betri ya volti 12 inaweza kusukuma mkondo mkubwa wa kuwasha moto haraka. Fyuzi ikae karibu kabisa na betri, kwa sababu kipande cha waya kilicho kabla ya fyuzi hakina ulinzi wowote. Ukichagua unene hesabu urefu wa kwenda na kurudi, na usikubali kupoteza zaidi ya asilimia 3, yaani volti 0.36, kwa taa za njia na pampu. Waya zipite juu, mbali na ngama, ndani ya mifereji inayofunguka kwa skrubu.

Fundi, tangu tumalize jiko, boti imelalia kushoto. Tuweke mawe kulia? — Wawili Walioinama

Msiweke mawe. Hameni vitu. Jiko, friji na betri mmeviweka upande mmoja, sivyo? Lita 100 za maji ni kilo 100, basi tangi la maji liende kulia, na betri zishuke chini kati, karibu na mkuku. Chochote kizito kishuke, chochote chepesi kipande. Kabla hamjakifunga kitu kwa skrubu, kiwekeni mahali kinapotakiwa kukaa, mmoja wenu ashuke nje atazame alama ya maji pande zote mbili, tangi likiwa limejaa na tena likiwa tupu. Na mkishahamisha tangi, hakikisheni kifuniko chake cha kusafishia kinafunguka bila kung'oa kitanda.