Igeuze ripoti, soma na ukurasa wa pili

Ami yangu alitibiwa bawasiri miezi minne. Choo kilikuwa na damu iliyoiva, tumbo linamsokota, kila zahanati ya Kisauni, hapa Mombasa, inampa dawa ya kupaka. Hakuna aliyempima wingi wa damu, nami nikaridhika. Hilo linaniuma hadi leo. Siku moja tukishuka feri upande wa Likoni akashindwa kupanda kile kilima, akakaa kando ya njia akihema. Wingi wa damu ulipopimwa ulikuwa 6, pungufu mno.

Kipimo cha kamera kikaonyesha uvimbe kwenye utumbo mpana, upande wa kulia. Akapasuliwa. Upasuaji wa upande huo huondoa pia kidole tumbo na kipande cha mwisho cha utumbo mwembamba, na hapo ndipo jambo la pili lilipokuwa limejificha.

Ukurasa wa kwanza wa ripoti ya maabara ulisema adenokasinoma, ile saratani ya utumbo mpana inayojulikana zaidi. Tukakunja karatasi. Shangazi ndiye aliyeigeuza: ndani ya utumbo mwembamba palikuwa na uvimbe mwingine mdogo, wa chembe zinazotoa homoni. Madaktari wengine huuita kasinoidi, jina lililotolewa na Mjerumani Oberndorfer mwaka 1907. Haukuwa mtoto wa ule wa kwanza. Ulianza wenyewe, mahali pake.

"Kwani nina maradhi mawili?" ami akauliza.

"Ndiyo, ami. Na kila moja lina njia yake."

Hali hii ni nadra, lakini ikikufika uliza swali hili kabla ya lolote: tezi za limfu zilizoingiliwa na saratani zina chembe za uvimbe upi? Jibu hilo huweza kubadilisha hatua ya ugonjwa, yaani umeenea kiasi gani, na dawa yenyewe, kwani tibakemikali ya adenokasinoma siyo inayotumika kwa kasinoidi ndogo, ambayo mara nyingi ikishakatwa yote hufuatiliwa tu. Kila uvimbe upewe hatua yake peke yake. Ukiambiwa kuna doa kwenye ini, usikubali lihesabiwe la ule mkubwa bila kupimwa. Ukiharisha au uso ukiwaka moto ghafla, mwambie daktari pia, maana kasinoidi iliyofika ini huweza kuleta hayo.

Omba pia vipande vya uvimbe uliokatwa, vilivyohifadhiwa kwenye nta, visitupwe. Vya ami tulivipeleka kwa daktari wa pili wa patholojia, yule anayechunguza chembe za mwili maabara, akavipaka rangi za kutambua chembe, naye akathibitisha: uvimbe ni wa aina mbili, na tezi zilizoingiliwa zote zina chembe za adenokasinoma.