Mwalimu, tunaingia mchujo au hatuingii?

Ligi zikikaribia mwisho, baraza za kahawa za Tanga huwa na mjadala mmoja tu, na maswali mengi ninayoletewa yanatoka huko. Nafundisha hesabu, na jioni naenda uwanja wa Mkwakwani kutazama mpira kama wenzangu. Haya nimeyachagua kwa sababu yanagusa wengi.

Mwalimu, shikamoo. Kwa nini mchujo huohuo wengine wanaulilia na wengine wanaushangilia? (Ngamiani)

Marahaba. Ni kwa sababu mlango ni mmoja, lakini kuna wanaoutazama kutoka juu na wanaoutazama kutoka chini. Ligi Kuu ya timu 16 ina mechi 30 kwa kila timu. Wa 15 na wa 16 wanashuka moja kwa moja. Wa 13 na wa 14 wanacheza wenyewe kwa wenyewe, nyumbani na ugenini. Atakayeshinda anabaki, na atakayeshindwa anakwenda kukutana na timu ya Championship, yaani ligi iliyo chini ya Ligi Kuu. Huko Championship wa kwanza na wa pili wanapanda bila maswali, wa tatu na wa nne wanachujana, na mshindi wao ndiye anayepambana na yule aliyeshindwa kule juu.

Mwaka 2023 Mashujaa ya Kigoma ilipanda kwa njia hiyo, na Mbeya City ikashuka. Sisi wenyewe tumeuonja: mwaka 2021, mfumo ukiwa tofauti kidogo, Coastal Union ilibaki Ligi Kuu baada ya kuitoa Pamba kwenye mchujo. Aliyekuwa Tanga siku ile anajua kwamba mchujo si adhabu. Ni nafasi ya mwisho, na nafasi hiyo inahesabika.

Timu yetu ni ya tano Championship, ina pointi 52, zimebaki mechi tatu. Wa nne ana 55. Wa tatu ana 58. Wa sita ana 50. Mechi ya pili kati ya hizo tunamkaribisha huyo wa nne. Bado tupo? (Makorora)

Mpo, tena vizuri kuliko mnavyodhani. Chukua karatasi.

Anza na dari yenu, yaani pointi nyingi kabisa mnazoweza kufikisha: 52 na 9 ni 61. Kisha tafuta dari ya wa nne. Watu wengi hukosea hapa. Wanajumlisha 55 na 9 wanapata 64, halafu wanakata tamaa. Lakini yeye anakuja kwenu! Mkishinda mechi zenu zote tatu, maana yake mmemfunga na yeye, kwa hiyo zimebaki mechi mbili tu anazoweza kushinda. Dari yake inakuwa 55 na 6, sawa na 61. Mnalingana. Akitoa sare moja tu kwenye hizo mbili anaishia 59 na nyinyi mnapita. Wa sita hawasumbui, kwa sababu dari yao ni 59.

Kwa hiyo kila unapoona timu mbili mnazozifukuza au zinazowafukuza zinakutana, simama hapo. Haziwezi kuondoka zote mbili na pointi tatu. Jedwali la msimamo halikuonyeshi jambo hilo, linaonyeshwa na ratiba. Ndiyo maana nawaambia vijana wangu: shika msimamo mkono mmoja, na ratiba mkono wa pili.

Sasa tuseme mmelingana kwa 61 na kanuni inaanza na tofauti ya mabao. Mmeniandikia kwamba nyinyi mna 14 za ziada na wao 17. Mnadhani mnahitaji mabao matatu au manne kuwafuta? Hapana. Kwenye mechi ya ana kwa ana bao moja linahesabika mara mbili: linawaongezea nyinyi moja na kuwapunguzia wao moja. Mkiwafunga 1-0 mnakuwa 15 kwa 16, bado mko nyuma. Mkiwafunga 2-0 mnakuwa 16 kwa 15, mko mbele. Kwa hiyo dakika ya 80 mkiongoza moja, msirudi nyuma kulinda. Bao la pili siku hiyo lina thamani sawa na mabao mawili mtakayowafunga wengine.

Kanuni hiyo ya mabao ni ya kila mahali? (Muheza)

La. Uingereza wanaangalia tofauti ya mabao. Mwaka 2012 Manchester City na Manchester United walimaliza na pointi 89 kila mmoja, na City wakachukua ubingwa kwa 64 dhidi ya 56. Kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika waliolingana kwenye kundi hutazamwa kwanza walivyokutana wao kwa wao. Soma kanuni za msimu husika kabla ya kubishana.

Jirani yangu anasema uwezekano wetu ni nusu kwa nusu, maana ni kuingia au kutoingia. Simwamini, lakini sijui nimjibu nini. (Chumbageni)

Mwambie hata kesho mvua inaweza kunyesha au isinyeshe, lakini mwezi wa nne Tanga si sawa na mwezi wa nane. Kuwepo kwa matokeo mawili hakuyafanyi yawe na uzito sawa.

Turudi kwa timu ya Makorora. Wamecheza mechi 27, wameshinda 15. Nikawauliza wameshinda wapi, wakajibu 10 kati ya 13 za nyumbani, na 5 kati ya 14 za ugenini. Nyumbani basi ni kama asilimia 77, ugenini 36. Mechi iliyobaki ya kwanza ni ugenini, ya pili ni ile ya wa nne nyumbani, ya tatu nyumbani dhidi ya timu ya chini. Wa nne si timu ya kawaida, kwa hiyo pale mimi naweka 50. Zidisha: 0.36 mara 0.50 mara 0.77, unapata karibu asilimia 14.

Hiyo 14 ni ya kushinda zote tatu tu. Si uwezekano wa kuingia mchujo. Kuna njia nyingine: mtoe sare ugenini, mshinde mbili, na wa nne ateleze mara mbili. Kila njia ina asilimia yake, na zote zinajumlishwa. Njia ni nyingi mno kwa kalamu, kwa sababu kila mechi ina matokeo matatu. Mechi tisa tu zikibaki miongoni mwa timu zinazohusika, kuna michanganyiko 19,683. Kwa hiyo wataalamu huiachia kompyuta icheze msimu uliobaki mara elfu kumi, kisha wanahesabu timu imeingia mara ngapi.

Nyinyi mnaweza kufanya hivyo barazani kwa dadu. Mechi ngumu ya nyumbani: 1, 2 na 3 ni ushindi, 4 ni sare, 5 na 6 ni kipigo. Ya ugenini: 1 na 2 ushindi, 3 na 4 sare, zilizobaki kipigo. Rusheni kwa kila mechi, ya kwenu na ya wapinzani, mwandike nani kaingia. Rudieni mara 50. Nimefanya hivi na wanafunzi wa kidato cha tatu na sijawahi kuona darasa limetulia vile.

Sisi tuna pointi 45, wao 47, lakini sisi tuna kiporo, mechi moja ambayo bado hatujaicheza. Nani yuko mbele? (Pongwe)

Hesabu pointi zilizodondoshwa. Nyinyi mechi 26 zilikuwa na pointi 78, mmechukua 45, mmedondosha 33. Wao mechi 27, pointi 81, wamechukua 47, wamedondosha 34. Mko mbele kwa moja. Ila kiporo bado hakijapikwa: kama ni cha ugenini kwa kinara, msikile kwa macho.

Naweza kutumia hesabu hizi kwenye mkeka wa kubeti? (Mwanzange)

Usitumie, mdogo wangu. Kampuni ina hesabu hizihizi, na malipo yake yamepunguzwa tayari ili faida ibaki kwake.

Kwa nini mechi za mwisho huchezwa kwa wakati mmoja? Tungependa kuziona zote. (Pangani)

Kwa sababu ya Algeria. Kombe la Dunia la 1982 Algeria walimaliza mechi zao za kundi siku moja kabla ya Ujerumani Magharibi na Austria kukutana. Wale wawili walijua kwamba Ujerumani ikishinda bao moja au mawili wote wanapita. Ujerumani ikafunga mapema, kisha mpira ukawa wa kupasiana tu hadi filimbi ya mwisho, 1-0. Algeria, walioifunga Ujerumani hiyohiyo, wakarudi nyumbani. Tangu 1986 mechi za mwisho za kundi huanza kwa wakati mmoja.

Msimu wa 2015/16 timu zetu zote tatu, Coastal Union, African Sports na Mgambo, zilishuka pamoja, na nilisikia watu wazima wakiulizana kama bado kuna njia wakati njia zilikuwa zimeisha. Coastal ilirudi 2018. Siku ya mwisho ya msimu huu nitakaa jukwaani na karatasi yenye dari za timu zote na redio ndogo sikioni. Atakayekaa karibu nami aniulize, nitamsomea.