Glavu ya dhahabu na soko la majira ya baridi: majibu ya maswali yenu

Fainali zimekwisha, na sisi tunaoishi St. Louis tumebaki na baridi na mabishano. Hapa Marekani maongezi ya besiboli ya miezi hii yana jina lake, "jiko la moto", kwa sababu zamani watu walilizunguka jiko wakiota moto na kubishana nani auzwe, nani abaki. Kwetu tungeita kijiwe. Mapema Novemba hutangazwa Glavu za Dhahabu, yaani tuzo za walinzi bora wa uwanja, na kabla ubishi huo haujapoa unaingia wa kubadilishana wachezaji, ambao sisi wa huku tunauita tu tredi. Maswali yamenijaa. Nimechukua saba.

Mimi nasema Glavu ya Dhahabu hupigiwa kura na mashabiki, mume wangu anasema ni waandishi wa habari. Aliyekosea anapeleka mwenzake hotelini. Nani alipe? — Dada wa Dallas

Dada, mmekosea nyote wawili, kwa hiyo pikeni nyumbani.

Wanaopiga kura ni makocha wakuu na wasaidizi wao, kila mmoja ndani ya ligi yake (ligi kuu ya hapa imegawanyika ligi mbili), na haruhusiwi kumpigia mchezaji wa timu yake mwenyewe. Tangu 2013 kura hizo zinachanganywa na hesabu za takwimu, ambazo zina uzito wa karibu robo ya matokeo. Mashabiki wana kura yao kwenye Glavu ya Platinamu, inayotoka kwa mmoja tu katika kila ligi, miongoni mwa waliokwisha kupata ya dhahabu.

Ukitaka kujua kwa nini takwimu ziliingizwa, waulizeni wazee wa hapo hapo kwenu. Mwaka 1999 Rafael Palmeiro wa Texas Rangers alipewa Glavu ya Dhahabu ya besi ya kwanza, yaani kituo cha kwanza anachokimbilia mpigaji, baada ya kulinda besi hiyo mechi 28. Nasema 28, na msimu una mechi 162! Sehemu kubwa ya mwaka alikuwa mpigaji tu, yule ambaye timu ikienda kulinda yeye anabaki benchi. Lakini alikuwa ameshinda 1997 na 1998, basi makocha wakaandika jina lake kwa mazoea, kama mtu anayejaza fomu huku anaongea na simu.

Kaka, kazini kuna mzee shabiki wa Yankees anayeapa kwamba hakuna shotistopu aliyelinda kama Derek Jeter. Kijana mmoja akamjibu kwamba takwimu zinasema Jeter alikuwa mbovu. Ilibaki kidogo washikane. Mtu anapataje Glavu za Dhahabu tano halafu awe mbovu? — Zamu ya usiku, Newark

Kwa wageni wa mchezo: shotistopu ni yule anayesimama kati ya besi ya pili na ya tatu. Mipira mingi ya kasi inayobingirika hupita kwake, ndiyo maana nafasi hiyo hapewi mzembe. Na ni kweli Jeter alipata tano: 2004, 2005, 2006, 2009 na 2010.

Sasa angalia mzee wako aliona nini. Aliona mpira ukipigwa upande wa kulia wa Jeter, Jeter akaukimbilia, akaudaka, akaruka juu huku mwili bado unaelekea nje, na angali hewani akautupa mpaka besi ya kwanza. Ukiona kitu hicho mara moja hukisahau. Tena mikono yake ilikuwa salama. Mpira ukiingia kwenye glavu yake umeingia.

Kijana anahesabu mingine: ile iliyopita upande wa kushoto wa Jeter, kuelekea katikati, ambayo shotistopu mwepesi zaidi angeifikia. Mpira usiofikiwa hauandikwi kosa. Unaandikwa pigo safi la mpigaji, na lawama inamwangukia mrushaji, yule anayemtupia mpigaji mpira. Kipa asiyeruka hatemi mpira. Unampita tu, na wewe uliye jukwaani unasema shuti lilikuwa kali.

Tangu 2015 viwanja vyote vya ligi kuu vina mitambo inayopima kila mpira: ulipigwa kwa kasi gani, mlinzi alikuwa umbali gani, alikuwa na muda gani. Ikiwa mpira wa aina hiyo hudakwa mara 25 katika 100, anayeudaka anaandikiwa 0.75, anayeukosa anakatwa 0.25. Ule unaodakwa na kila mtu haukupi karibu chochote. Jumlisha msimu mzima ndipo unajua nani anawaokoa wenzake. Jeter alistaafu 2014, kwa hiyo mitambo hiyo haikumkuta. Waliomhukumu ni watu waliotazama video pigo baada ya pigo na kuhesabu kwa mkono, na hesabu zao hazikumpendelea.

Uamuzi wangu? Tatu kati ya zile tano ningewapa wengine. Lakini neno "mbovu" namkatalia kijana, amwombe mzee radhi kwa neno hilo tu.

Nimesikia mchezaji anaweza kuamka asubuhi akaambiwa amebadilishwa, ahamie mji mwingine, na hakuulizwa. Hiyo si biashara ya watu? — Baba watoto, Louisville

Mzee, swali hili lilifika mpaka Mahakama Kuu ya Marekani, na aliyelipeleka alikuwa mchezaji wa huku kwetu.

Curt Flood alilinda katikati ya uwanja wa nje wa St. Louis Cardinals kwa miaka 12. Alipata Glavu ya Dhahabu kila mwaka kuanzia 1963 hadi 1969. Oktoba 1969, akiwa njiani kuipokea ya saba, timu ikamweka kwenye tredi kwenda Philadelphia. Mkataba wa siku hizo ulimfunga mchezaji kwa timu yake hata muda ukiisha. Timu ndiyo iliyoamua, na kazi yake ilikuwa kupanga mizigo. Flood alikuwa analipwa dola 90,000 kwa mwaka, fedha nyingi wakati ule, na watu weusi kwa weupe walimwambia anyamaze ale. Tarehe 24 Desemba 1969 alimwandikia barua mkuu wa besiboli, Bowie Kuhn, akamweleza kwamba baada ya miaka 12 hajioni kuwa mali ya kununuliwa na kuuzwa bila kujali anataka nini.

Akafungua kesi. Msimu wa 1970 hakucheza kabisa. Wa 1971 alicheza mechi 13 akiwa na Washington Senators, akaondoka. Juni 1972 mahakama ikaamua dhidi yake, majaji 5 kwa 3.

Waliofaidi ni waliokuja nyuma yake. Mwaka 1973 ilikubaliwa kwamba mchezaji mwenye miaka 10 ligi kuu, mitano ya mwisho akiwa timu moja, anaweza kukataa tredi. Piga hesabu: Flood angekuwa salama. Desemba 1975 msuluhishi Peter Seitz akakivunja kile kifungo cha mkataba katika shauri la warushaji Andy Messersmith na Dave McNally, na leo mchezaji akifikisha miaka sita ligi kuu huwa huru mkataba wake ukiisha. Wengine huingiza haki ya kukataa ndani ya mkataba wenyewe. Nolan Arenado, mwenye Glavu za Dhahabu kumi mfululizo za besi ya tatu, Desemba 2024 alikataa kupelekwa Houston, na Cardinals hawakuwa na la kumfanya.

Kwa hiyo jibu: mkongwe huulizwa. Kijana wa mwaka wa pili hadi leo haulizwi, hupigiwa simu.

"Mchezaji atakayetajwa baadaye" ndiye nani? Namwona kila tredi. — Mwanafunzi, Columbus, Ohio

Hakuna mtu wa jina hilo, mwanangu. Timu mbili zimekubaliana, ila mmoja wa wachezaji atachaguliwa siku za mbele. Mwaka 1962 Cleveland waliwapa New York Mets mdakaji (yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji) Harry Chiti kwa mchezaji atakayetajwa baadaye. Juni Mets wakamtaja: Harry Chiti. Alibadilishwa kwa yeye mwenyewe.

Timu ikipata mlinzi mwenye tuzo, kwa nini imwachie? Kila tukimpenda mtu anaondoka. — Shabiki aliyechoka, Cleveland

Pole, ila nanyi mna bahati yenu. Januari 2021 mlimtoa Francisco Lindor, shotistopu mwenye Glavu mbili za Dhahabu, pamoja na mrushaji Carlos Carrasco. Mji mzima ulinuna. Katika waliokuja kutoka Mets alikuwamo kijana mwembamba, Andrés Giménez, akaenda kupata Glavu ya besi ya pili 2022, 2023 na 2024. Desemba 2024 naye mkamtoa, akaenda Toronto. Hamjifunzi!

Sababu kubwa ni mkataba. Akikaribia kuwa huru, timu isiyotaka kumlipa humtoa mapema ili ipate chipukizi badala ya kubaki mikono mitupu. Sababu ya pili ni miguu. Mpigaji mwenye nguvu anaweza kutamba hata akiwa na umri wa miaka 35 na zaidi. Wa kukimbilia mipira huanza kuchelewa nusu hatua akiwa na 30, na nusu hatua ndiyo kazi yake yote.

Sisi huku tumeonja pande zote mbili. Mwaka 2021 Cardinals walitoa washindi watano wa Glavu ya Dhahabu kwa msimu mmoja, rekodi: Goldschmidt, Edman, Arenado, O'Neill na Bader. Hata mmoja hayupo leo. Bader alipelekwa Yankees 2022, O'Neill Boston 2023, Edman Dodgers 2024 na Oktoba ile ile akawa mchezaji bora wa nusu fainali, Goldschmidt akaondoka akiwa huru, na Arenado mwishowe akakubali Arizona, Januari 2026.

Upande wa pili ni Ozzie Smith. Mwaka 1981 akiwa San Diego alipiga .222, yaani mapigo mawili salama katika kila majaribio tisa. Kwa bei ya soko huyo ni mtu wa bure. Cardinals wakamtoa Garry Templeton, shotistopu aliyejua kupiga, ili wampate, na kocha Whitey Herzog akasafiri mwenyewe kwenda kumbembeleza. Oktoba 1982 St. Louis ikawa bingwa. Ozzie alimaliza na Glavu 13, na sanamu yake iko nje ya uwanja, mwili umelala hewani kuufuata mpira. Nikipita pale na wageni huwaonyesha yeye kabla ya wapigaji. Kwenye mechi 162, nafuu ninunue glavu kuliko gongo, na najua wengi wenu mtaniandikia kunipinga.

Kuna Mwafrika aliyewahi kufika ligi kuu? — Kijana wa Kampala, yuko Boston

Yupo, na alifika kwa glavu. Gift Ngoepe wa Afrika Kusini alikulia Randburg, ndani ya klabu ya besiboli ambako mama yake alikuwa akifanya kazi. Tarehe 26 Aprili 2017 aliingia uwanjani na Pittsburgh Pirates, Mwafrika wa kwanza aliyezaliwa na kukulia barani, na mara yake ya kwanza kushika gongo akapata pigo salama kwa mrushaji Jon Lester. Mwaka ule alipiga .222, sawasawa na Ozzie yule wa 1981. Novemba akapelekwa Toronto, kwa fedha au yule bwana wetu atakayetajwa baadaye. Wewe wa Uganda lakini una lako la kujivunia: watoto wa Lugazi, 2012, timu ya kwanza ya Afrika kwenye mashindano ya dunia ya watoto kule Williamsport, na waliifunga Oregon 3–2.

Binti yangu ana miaka minane, anataka glavu. Ninunue ipi? — Mama, Des Moines

Mama, kwanza mwangalie anatupa kwa mkono upi. Glavu huvaliwa mkono mwingine. Anayetupa kwa kulia huivaa kushoto. Mimi nilinunua ya kulia nikidhani nimefanya jambo la akili, na mtoto akacheza wiki nzima anadaka, anavua, ndipo anatupa. Chukua inchi 10 hadi 11, ngozi anayoweza kuikunja mwenyewe dukani kwa mkono mmoja. Nyumbani ipake mafuta ya ngozi kidogo, ncha ya kidole tu, weka mpira ndani, funga kwa kamba ya kiatu, lala nayo chini ya godoro siku mbili tatu. Usiiache ndani ya gari wakati wa joto. Na mtu akikushauri kuilainisha kwenye oveni, usimsikilize: jirani yangu alijaribu, na chapati za jioni ile zilinuka kiatu.