Hakimu akikataa dhamana kwa kesi ya dawa za kulevya

Mdogo wangu aliposomewa shtaka la ulanguzi wa bangi, mama alijua jioni hiyo tungerudi naye nyumbani. Hakimu akakataa dhamana. Afisa wa upelelezi alikuwa ameapa kwamba kijana hana makazi ya kudumu na huenda akatoroka. Ni kweli alikuwa amehama nyumba mara mbili mwaka huo. Lakini sisi tulikuwa papo hapo kortini, watu saba wa ukoo mmoja, na hakuna aliyetuuliza neno.

Wiki ya kwanza tuliipoteza bure. Kila aliyekuja kutupa pole alieleza upya kwamba gunia lile halikuwa lake. Wakili akatunyamazisha: kwenye ombi la dhamana, Mahakama Kuu haitaamua gunia ni la nani. Inataka kujua kama kijana atarudi kortini. Katiba ya Kenya, kifungu cha 49(1)(h), inampa mshtakiwa haki ya kuachiliwa kwa masharti yanayofaa, isipokuwa kuwe na sababu nzito za kumzuia, na mzigo wa kuzionyesha ni wa upande wa mashtaka.

Sisi tulizoea kusema tunakata rufaa. Wakili alichopeleka ni ombi chini ya kifungu cha 123(3) cha Sheria ya Mwenendo wa Jinai, kinachoiruhusu Mahakama Kuu kuamuru dhamana itolewe au ipunguzwe. Kabla ya hapo chukueni nakala ya uamuzi wa hakimu iliyothibitishwa, maana kila sababu aliyoitaja inahitaji karatasi ya kuijibu. Sisi tulipeleka barua ya chifu, risiti za kodi na kiapo cha mama.

Kisha akaja afisa wa probesheni kumwandikia jaji ripoti kuhusu kijana na familia yake. Alimuuliza mama kama kijana huvuta. Mama akajibu, "Huvuta, na nimemkanya." Nilitamani ardhi inimeze! Kumbe ripoti ilisema familia ni ya kuaminika na inamjua mtoto wao. Basi msimpambe mtu wenu.

Jaji alikubali: mdhamini mmoja, na kuripoti polisi kila Jumatatu. Tukapiga vigelegele mapema, kwani mdhamini wetu alikuwa mjomba, na hati ya shamba aliloliweka rehani ilikuwa haijathibitishwa na ofisi ya ardhi. Siku tisa zaidi rumande. Shughuli hiyo ianzeni siku ombi linapopelekwa. Na wale wadhamini wa kukodi wanaozunguka nje ya korti na hati zisizojulikana zilikotoka, wapisheni njia.

Haya yote ni kabla ya hukumu. Aliyekwisha kufungwa ana siku 14 za kukata rufaa, na dhamana yake ni ngumu zaidi: lazima aonyeshe rufaa yenyewe ina nafasi kubwa ya kushinda.

Kesi yetu bado inaendelea. Kila usiku wa kuamkia siku ya korti mjomba hupiga simu. Haulizi hali ya kijana. "Shamba langu li salama?"